Pilipili Isiyowasha

Jumapili, 26 Januari

Mgongo umeamka kabla yangu. Nimeukuta unaningoja.

Leo nusu siku. Baada ya kula tuliitwa wote kwenye kivuli cha jikoni kwa Mama Hermila, mpishi wa kambi, kumsikiliza Nesi Yadira kutoka zahanati ya mjini. Alikuja na picha kubwa za vyakula, akazining'iniza kwenye kamba ya nguo. Karoti ndefu kuliko mtoto. Yai kubwa kama mto wa kulalia. Nikasikia njaa upya.

Akasema hoho nyekundu ina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Tukacheka. Sisi ndio tunaozikata hizo hoho kutwa, na hapa kambini hajatokea mtu aliyewahi kula hata moja. Sisi ni watu wa milima ya Oaxaca, kusini mwa Mexico. Pilipili isiyowasha ni kama mbwa asiyebweka, unamfuga wa nini? Tunazikata, zinapanda lori la baridi, zinakwenda kaskazini kwa watu ambao hawakufundishwa kula.

Nesi hakukasirika. Akaendelea. Maharagwe yana madini ya chuma, lakini mwili huyapokea vizuri zaidi yakiandamana na kitu chenye vitamini C. Maharagwe na chapati za mahindi ni kama mke na mume: anachokosa huyu, yule anacho. Na mahindi yakichemshwa na chokaa huipa mifupa nguvu. Hapo Mama Hermila akanyoosha shingo, akasema bibi yake alikuwa anachemsha mahindi na chokaa bila kuning'iniziwa picha na mtu.

Halafu ikaja habari yenyewe. Msaidizi wa Mama Hermila amerudi kwao kujifungua. Jumapili ijayo, sikukuu ya Candelaria, tukishakula tamale, ile mikate ya mahindi inayofungwa kwenye maganda, Mama atamtaja msaidizi mpya. Mwanamume au mwanamke, hajali. Ila awe anakijua chakula na awe na mkono wa kupika.

Kiti cha jikoni! Kiko kivulini. Kina mahali pa kuegemea. Nimekitazama jinsi wengine wanavyomtazama bibi harusi.

Nina mpinzani mmoja tu: Eustolio. Anatoka kijiji cha ng'ambo ya bonde letu. Zamani ng'ombe wao walikula mahindi yetu, na mpaka leo wanasema mahindi ndiyo yaliyowafuata ng'ombe. Kila jioni anampelekea Mama Hermila kuni bila kutumwa. Mnafiki. Na ana makengeza: jicho moja linakutazama wewe, la pili linamtazama jirani yako.

Yeye ana kuni. Mimi nina vitamini.

Jumatatu, 27 Januari

Nimeanza kazi mara moja. Nyuma ya banda la kupakia kuna lundo la hoho zilizokataliwa kwa sababu zimepinda. Injinia Ubaldo, msimamizi wetu, haoni shida mtu akijichukulia. Nikajaza mfuko kwa nyekundu tupu, nikauweka mbele ya Mama Hermila, nikatoa hotuba. Chungwa. Chuma. Mke na mume.

Alichukua hoho moja akaigonga kwa ukucha. Akasikiliza. Akasema, "Abundio mwanangu, hiki ni chombo cha kuwekea chumvi." Akaniuliza kama tumbo langu lina tatizo, maana angeweza kunichemshia majani. Akaongeza kwamba jikoni kwake chakula kisichomtoa mtu kamasi hakijaiva.

Eustolio alikuwa pale na kuni zake. Akasema hoho inafaa sana kusukutulia mdomo, ukishamaliza kula chakula.

Watu wakacheka. Nikatafuna hoho tatu mbichi mbele yao ili waone faida. Mchana kutwa nimebeua. Shambani, kwenye mistari ya hoho, waliniomba nihamie upande ule upepo unakokwenda.

Jumanne, 28 Januari

Mpango mpya. Vitamini zikikataliwa mlangoni, zipitishwe dirishani.

Mama Hermila ana kopo la zamani la maziwa, na ndani yake mna pilipili kali ya kusaga anayoletewa na dada yake kutoka nyumbani. Sosi zote zinatoka kwenye kopo hilo. Ni unga mwekundu. Na hoho nyekundu ikikaushwa na kusagwa inakuwaje? Unga mwekundu! Watu watakula, afya itapanda, mashavu yatang'aa, Mama atashangaa, mimi nitasimama na kueleza. Kiti.

Nimekata hoho vipande nikavianika juu ya bati la kibanda chetu. Waliouliza nimewaambia ni dawa ya baridi yabisi. Kosa. Jioni nilikuta robo imeliwa na wenye baridi yabisi.

Nilimpigia simu mke wangu, Odilia. Akauliza kama nakula vizuri. Nikamwambia sasa hivi nashughulikia afya ya kambi nzima. Kisha akauliza, "Wamekukosea nini?"

Jumatano, 29 Januari

Jua la huku Sinaloa linaua watu lakini linakausha vizuri. Vipande vimekunjamana kama masikio ya mzee. Nimeonja kimoja. Kitamu kama zabibu.

Kazini mgongo ulikataa kuinama, nikakata hoho nikiwa nimepiga magoti. Injinia Ubaldo akauliza ninafanya nini. Nikasema nasali. Akavua kofia, akapita.

Jioni nilikula maharagwe kwa sosi ya Mama Hermila. Ilinipanda mpaka masikioni kama kawaida, nikafuta machozi, nikashusha pumzi. Ni sosi nzuri, lazima niseme ukweli. Nilijiuliza kama kweli nina moyo wa kuibadilisha.

Ninao.

Alhamisi, 30 Januari

Siku imekuwa ndefu.

Mchana nilimwambia Injinia mgongo umekatika, jambo ambalo lilikuwa nusu ya kweli. Nikasaga vipande juu ya jiwe kwa chupa. Mama Hermila alipokwenda mashine ya kusaga mahindi, jikoni hapakuwa na mtu. Nikamimina pilipili yake ndani ya soksi yangu, iliyokuwa safi kiasi, nikalijaza kopo unga wangu. Rangi ile ile! Hata mimi nisingejua.

Kisha nikaenda chooni kabla ya kunawa mikono. Sitaandika zaidi. Waliopita waliniona nimekaa ndani ya beseni la maji na suruali yangu. Nikawaambia ninapoza mgongo.

Chakula cha jioni. Maharagwe, chapati, sosi. Nilikaa pembeni kuwatazama kama mfugaji anavyotazama kuku. Wa kwanza alionja akasimamisha taya. Wa pili akaongeza sosi. Wa tatu akamimina bakuli zima, akatafuna, akatazama ndani ya bakuli kana kwamba kuna kitu kimeanguka. Jikoni ambamo siku zote watu hupenga makamasi na kumtaja Mungu, kukawa kimya. Hakuna aliyevuta pua.

Mtu mmoja akasema polepole, "Mama, haiwashi."

Mama Hermila akamimina unga kiganjani, akalamba. Akalamba tena. Uso ukamwisha damu. Akakaa kwenye kile kiti, akaiangalia mikono yake, akasema, "Mkono wangu umepoa."

Nilifikiri kusimama na kueleza habari za vitamini. Lakini hali ya hewa haikuwa nzuri.

Ijumaa, 31 Januari

Soksi niliificha ndani ya foronya. Nimeamka macho yamefumba kama ya kitoto cha mbwa. Watu husema pilipili usiyoila yakuwashia nini? Wamuulize mtu aliyeilalia.

Lakini sikiliza bahati. Nilipojikokota mpaka jikoni na macho yale mekundu, Mama Hermila akadhani nimelia kwa ajili yake. Akanishika kichwa. Akasema, "Kumbe wewe una roho, Abundio." Nikasema ndiyo, Mama, ninayo. Eustolio na kuni zake akasimama kama mlingoti. Nikaona kiti kinanisogelea chenyewe.

Halafu wakaamua kupima.

Kwetu hakuna asiyejua: mahali palipo salama, pilipili ikitupwa motoni kila mtu anakohoa. Penye jicho baya, moto unaimeza pilipili na hakuna anayekohoa. Mama mwenyewe akachota unga kutoka kopo lile, akautupa kwenye makaa. Sote tukavuta pumzi tukasubiri. Moshi ukaja. Mtamu! Ulinukia kama duka la mikate. Hakuna aliyekohoa.

Nikakohoa mimi, kuokoa hali. Nilichelewa. Wakasema mwacheni, huyo ni macho yanamsumbua.

Akina mama wakafanya ishara ya msalaba. Swali likabaki moja: nani amelitazama jiko hili kwa tamaa? Nikaangalia viatu vyangu. Ni viatu vizuri bado.

Mtu mmoja akataja makengeza ya Eustolio. Kila jioni analeta kuni, anasimama, anatazama vyungu. Eustolio hakujitetea hata kidogo. Akavua kofia. Akasema ni kweli, ameyatamani sana maharagwe ya Mama Hermila, ameyasifu moyoni, na hakuwahi kugusa chungu. Kila mtu akaguna. Ukisifu kitu bila kukigusa, sifa huchacha ikawa sumu, hata mtoto wa kwetu anajua.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaongeza sahani ya pili, maharagwe makavu bila sosi, na yakashuka kama asali.

Halafu nikakumbuka dawa yake.

Dawa ya jicho ni moja: mwenye jicho akiguse alichokitamani. Kila kitu. Tena kwa utulivu, bila haraka, mpaka ubaya utoke. Injinia Ubaldo, ambaye ana shahada lakini bibi yake alikuwa wa kwetu, akasema Eustolio asirudi kwenye mistari mpaka jiko lipone. Wakamkalisha.

Kwenye kiti! Akaegemea!

Jumamosi, 1 Februari

Kutoka mstari wangu jiko linaonekana vizuri. Ni bahati mbaya.

Asubuhi: Eustolio anagusa chungu. Baadaye: Eustolio anagusa unga wa tamale, mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko. Mchana: Eustolio anagusa kijiko, na kijiko kiko mdomoni. Mama Hermila anamwambia gusa na hiki, mwanangu, na hiki pia. Mimi nimeinama, mgongo unalia kama mlango wa zamani, macho bado yanavuja.

Nikafikiri kama mtu aliyesoma. Kwa nini Eustolio yuko jikoni? Kwa sababu pilipili haiwashi. Pilipili ikiwasha, ana kazi gani pale? Hana. Atarudi kwenye mistari siku hiyo hiyo. Basi nirudishe pilipili. Jambo rahisi kiasi hicho, na halikuwa limeniingia akilini tangu jana!

Alasiri akina mama walikuwa bombani wakiosha maganda ya kufungia tamale, na Eustolio yuko nje anazigusa kuni zake mwenyewe. Nikaingia. Unga wangu nikaumwaga jalalani, pilipili ya soksini nikairudisha koponi. Safari hii nilivaa mfuko wa nailoni mkononi. Mtu hujifunza.

Jioni wakapima tena. Mama Hermila akachota konzi nzima akatupa motoni.

Ee Mungu wangu. Kambi yote ilikohoa. Mbwa walikohoa. Aliyekuwa akioga alitoka na sabuni. Injinia Ubaldo alikuja kutoka ofisini anakohoa, analia, anapiga makofi. Watu wakakumbatiana wakipenga. Mama Hermila alikuwa anakohoa na kucheka pamoja, amemshika Eustolio mikono yote miwili, anasema, "Mkono gani huu, mwanangu! Mkono gani huu umenirudishia wangu!"

Nilisimama katikati ya moshi nikisubiri mtu amwambie Eustolio arudi shambani.

Hakuna aliyemwambia.

Jumapili, 2 Februari

Candelaria. Mtoto Yesu wa kambi amevishwa gauni jipya, mishumaa imewashwa mbele yake, na Mama Hermila akasimama na aproni mkononi. Nilikuwa nimechana nywele. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, mahali ambapo mtu akinyoosha mkono hawezi kunikosa.

Alinipita. Akamvisha Eustolio. Ikamkaa vizuri, bila hata kukunjwa.

Tamale ziliwasha sawasawa. Nilikula nyingi. Huzuni ni kitu kimoja, tamale ni kingine.

Kisha akaja Nesi Yadira kuona kama tumekumbuka mafundisho. Akauliza nani anaweza kueleza. Nikaona mlango umebaki wazi kidogo. Nikasimama. Nilisema yote: hoho na chungwa, maharagwe na chuma, mke na mume, chokaa na mifupa, mbegu za maboga, mboga za porini tunazozikanyaga bila kuziangalia. Sikukosea popote. Nesi akapiga makofi. Nikamuuliza, kama mtaalamu kwa mtaalamu, hoho iliyokaushwa juani inakuwaje. Akasema ina mazuri yake, lakini vitamini C nyingi huharibiwa na jua na kukaa.

Jua limeniibia. Kumbe nilihatarisha viungo vyangu vyote ili kuwapa watu unga wenye rangi.

Nesi akamgeukia Injinia Ubaldo, akasema mtu kama huyu asipotezwe. Injinia akasema hata yeye anaona hivyo. Jiko lina msaidizi mmoja, nikawaza, lakini jiko kubwa kama lile linaweza kubeba wawili!

Wamenipa kofia iliyoandikwa LISHE BORA. Nitawafundisha wenzangu habari za chakula. Huko huko kwenye mistari. Wakati nakata. Na asubuhi nitabeba ile picha ya karoti mpaka kitalu cha mwisho kabisa, kule karibu na mfereji, kwa sababu watu wa kule hawajawahi kuiona.

Eustolio aliniletea tamale ya ziada kwenye sahani, imetumwa na Mama Hermila, ambaye anasema hatasahau kwamba nilimlilia. Akaniambia, "Kula, jirani. Ina maharagwe na pilipili, ili ule mchuma wako uingie. Au nimekosea, mwalimu?"

Nikamwambia ni madini ya chuma, siyo mchuma. Akashukuru, akarudi kukaa.

Jumatatu, 3 Februari

Karoti ni nzito kuliko inavyoonekana. Nimeifunga mgongoni. Upepo ukija inakuwa tanga, napita mistari ambayo sikukusudia kuipita. Mzee mmoja wa kitalu cha mwisho ameniuliza kama karoti inaponya mgongo. Nikasema sana. Akaniuliza mbona wangu umepinda.

Wakati wa mapumziko nimekaa chini ya karoti na kupima mambo kwa utulivu. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Mpango haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa rangi! Nyekundu inatafutwa na watu, kila mmoja anaionja. Ningetumia kitu cheupe.

Nesi alisema chokaa ndiyo nguvu ya mifupa. Tangu leo anayepima chokaa ya mahindi ni Eustolio, kwa mkono wake ule mtakatifu. Sasa, chokaa ni unga mweupe. Na unga wa muhogo ni mweupe. Nikivibadilisha, mahindi hayatamenyeka, chapati zitakatika, na watasema mkono wa nani umepoa? Mama atatafuta mtu anayejua mambo ya chokaa. Mtu mwenye kofia. Na safari hii hakuna mtu wa kuumia, kwa kuwa unga wa muhogo hauwashi popote.

Kilichobaki ni chombo cha kubebea chokaa. Soksi ninayo, ile ile, iko mfukoni, nimeikung'uta vizuri. Nilikuwa nimelowa jasho kwa sababu ya karoti, nikaitoa nikajifuta uso kwanza.

Naandika haya kwa jicho moja, nalo halioni mbali.

Eustolio ameniona kutoka kivulini, ameleta ndoo ya maji mpaka huku. Ameninawisha yeye mwenyewe, kwa zamu, jicho hili na lile, akisema pole jirani, usilie tena, Mama Hermila ameshapona. Kisha akairudia njia yake polepole, akaenda kuegemea.

Mjinga yule. Hajui hata kidogo kinachomjia.